Kutoka Freretown hadi Mbotela: safari ya neno 'muungwana'

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ina majina ambayo ukiyasikiliza vizuri utasikia bahari ndani yake. Kaloleni ni mtaa kando ya Barabara ya Jogoo, lakini pia ni mji katika Kaunti ya Kilifi, miongoni mwa Wamijikenda ambao wana kitenzi 'kulola', yaani kutazama. Kitenzi hicho ni ndugu wa 'kuola' tunachokipata katika mashairi ya kale ya Kiswahili. Majengo iko Pumwani na iko Mombasa. Makadara iko Nairobi na iko Mombasa. Shauri Moyo utaipata hata Unguja. Pangani ni jina la mji mkongwe ulio penye mlango wa mto, pwani ya Tanzania. Hapo sijataja Ziwani, Makongeni na Bondeni, ambayo yamejengwa kwa kiambishi kile kile cha mahali, -ni, tunachokisikia Kisauni.

Hata hivyo, jina linalonishughulisha leo halisikiki kuwa la pwani hata kidogo. Ni Mbotela.

Majuzi tulikuwa tukijadili majina ya mahali darasani, na kijana mmoja aliyelelewa Makadara akainua mkono. "Prof, si Mbotela ni jina la Wakongo? Wao husalimiana 'mbote'." Wenzake walicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekwa. Alikuwa amefanya kile ambacho mwanaisimu yeyote hufanya mwanzoni: kutafuta neno linalofanana. Nilimwambia, "Jina lenyewe limetoka mbali kweli, ila si huko. Limepitia baharini, likashuka katika kijiji kimoja kidogo cha pwani, ndipo likapanda gari moshi." Akataka kujua ni kijiji gani. Makala haya ni jibu lake, na la wengine ambao hupita pale kila siku bila kuuliza.

Kijiji hicho ni Freretown. Kipo bara, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya mkondo wa maji unaotenganisha kisiwa na Kisauni. Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani utaikuta njia panda iitwayo Kengeleni. Leo ni sehemu ya jiji, imejaa maduka, bodaboda na tuktuk, na Frere Town ni jina la wadi katika eneobunge la Nyali. Lakini wakati kilipoanzishwa, mwaka wa 1875, kilikuwa kijiji cha nyumba chache katikati ya minazi na miembe. Mtu akitaka kwenda mjini alivuka kwa mashua.

Kisa chenyewe kinaanzia Unguja. Mwaka wa 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa Gavana wa Bombay, kumshawishi Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Frere hakufaulu. Mkataba ulitiwa sahihi Juni mwaka uliofuata baada ya balozi John Kirk kumtishia Sultani kwamba kisiwa kingezingirwa na manowari. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Sasa likazuka tatizo ambalo wanadiplomasia hawakuwa wamelifikiria sana: manowari za Waingereza zikikamata jahazi lililosheheni watu, watu hao wapelekwe wapi? Kwao ni mwendo wa miezi ndani ya bara, upande wa Ziwa Nyasa, na njiani kote kuna wale wale waliowateka.

Shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS, likamtuma Kasisi William Salter Price anunue ardhi karibu na Mombasa. Kijiji kilipewa jina la Frere. Price hakuwa mgeni wa kazi hii. Kwa miaka mingi alikuwa amesimamia makao ya CMS karibu na Nasik, India, ambako watoto Waafrika waliookolewa baharini walifundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono. Baadhi yao, waliojulikana kama Waafrika wa Bombay, walirudishwa pwani yetu wakawa walimu, mafundi na makatekista wa Freretown na Rabai. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi mwaka wa 1885.

Sasa wafikirie wakazi wa kijiji hicho. Kuna Myao, Mmakua, Mnyasa, Mzaramo. Kuna aliyelelewa India anayeongea Kiingereza na Kihindustani. Hawana babu mmoja wala kaya moja, na wengi wao hawana hata lugha moja ya kulilia. Watoto wao waliozaliwa pale walikulia katika Kiswahili, si kwa sababu ni cha damu yao bali kwa sababu ndicho kilichokuwa ua la pamoja. Wanaohubiri kwamba lugha ya mama ni lazima iwe ya kabila la mama wangefaa kukisoma kijiji hiki. Na anayeishi Jericho, Maringo au Buruburu, ambako mtoto wa Mluo na mtoto wa Mkamba huchezea lugha moja uwanjani na kuachia wazazi lugha nyingine nyumbani, hahitaji hata kuambiwa. Anaijua hali hiyo.

Kijiji hakikukaa raha mustarehe. Tukumbuke kwamba mkataba wa 1873 ulipiga marufuku usafirishaji, sio utumwa wenyewe. Katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka wa 1907. Kwa zaidi ya miaka thelathini, basi, Freretown ilikuwa kisiwa cha watu huru kilichozungukwa na mashamba ya watumwa. Waliotoroka mashambani walikimbilia misheni, na mabwana zao wakawafuata kwa hasira. Neno lao lilikuwa 'watoro'. Leo mtoro ni mwanafunzi aliyeruka ua kwenda kucheza kamari, na adhabu yake ni kufyeka nyasi. Wakati ule utoro ulikuwa suala la kufa na kupona. Kengele iliyotundikwa pale kijijini, ndiyo iliyozaa jina Kengeleni, inakumbukwa hasa kama king'ora cha kuwatahadharisha wakazi wasije wakavamiwa.

Hapo ndipo tunapolifikia neno 'muungwana'.

Kamusi zetu za sasa humweleza muungwana kuwa mtu mwenye adabu, mstaarabu, mtu mwema. Maana hiyo ni sahihi lakini ni changa. Katika miji ya Waswahili ya kale, Mombasa, Lamu, Pate, muungwana alikuwa kwanza mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye nasaba inayojulikana. Kinyume chake hakikuwa mtovu wa adabu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Uungwana ulikuwa wa kuzaliwa nao, pamoja na nyumba ya mawe, ujuzi wa dini, mashairi na namna ya kuvaa kilemba. Adabu ilikuja kama matokeo: ilidhaniwa kwamba aliyezaliwa huru ndiye awezaye kuwa na haya. Methali isemayo kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama inabeba dhana hiyo. Anachutama kwa kuwa ana heshima ya kuilinda.

Katika karne ya 19, utawala wa Waomani ulipokita mizizi, neno jipya lilianza kulisukuma kando: 'ustaarabu', lenye Uarabu ndani yake. Mtu wa heshima sasa alikuwa yule aliyefanana na mtawala. Uungwana ukabaki bila mwenyewe, kama koti lililoachwa msumarini, na waliolichukua ni wale ambao halikushonewa.

Wa kwanza walikuwa wapagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara ilibebwa mabegani na watu wa pwani ambao wengi wao walikuwa watumwa au watumwa wa zamani. Wakishafika bara, mbali na anayewajua, walijiita 'wangwana'. Wasafiri wa Kizungu kama Henry Morton Stanley waliliandika jina hilo kana kwamba ni la kabila. Walioweka makao mashariki mwa Kongo walikiacha Kiswahili huko, na hadi leo aina moja ya Kiswahili cha Kongo huitwa Kingwana. Tazama jinsi mambo yalivyo: lugha nzima ya eneo kubwa imepewa jina la uungwana na watu ambao kule pwani wasingekubaliwa kuketi barazani pamoja na waungwana.

Nairobi ilipoanza kuwa mji, baada ya reli kufika mwaka wa 1899, watu wa namna hiyo walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa kwanza Waafrika. Walijenga vijiji vyao wenyewe. Kimoja kiliitwa Pangani, kingine Mombasa, kingine Maskini. Kiswahili kilikuwa lugha ya vijiji hivyo tangu siku ya kwanza, kwa hivyo wanaosema kwamba Nairobi iliazima Kiswahili juzi kutoka pwani wanakosea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mapema katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani na kuanza kuwasukuma watu huko. Nyumba zikajengwa kwa ramani ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Wenye nyumba hawakuwa wanaume tu. Si wachache walikuwa wanawake waliojitafutia mali yao wenyewe. Mkikuyu, Mkamba, Mganda au Mmanyema aliyesilimu na kununua nyumba pale aliitwa Mswahili, na watoto wake pia. Pangani ilikuwa ya mwisho kubomolewa, kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kuwapokea waliofukuzwa.

Turudi sasa kwa ukoo wa Mbotela. Mmoja wa wana wa Freretown alikuwa James Mbotela. Baba yake alitekwa akiwa mtoto, akapakiwa kwenye jahazi, akaokolewa na manowari na kuletwa misheni. James akawa mwalimu, na mwaka wa 1934 kitabu chake, *Uhuru wa Watumwa*, kikachapishwa London. Wahakiki wamekishambulia sana, na sababu wanazo: kinamsifu Mwingereza kupita kiasi, na ukikisoma waweza kudhani kwamba ukoloni ulikuwa zawadi. Baadhi yao hukataa kukiita riwaya. Mimi nakubaliana na lawama ya siasa yake, lakini huwaambia wanafunzi wangu wajiulize ni nani mwingine, katika miaka hiyo, aliyeiandika habari ya utumwa kwa Kiswahili akiwa amelelewa na mtu aliyewahi kuuzwa. Mashairi mengi ya pwani ya wakati ule yalitungwa na watoto wa waungwana. Hiki ni kitabu cha upande wa pili wa neno.

Tom Mbotela, wa ukoo huo huo, alikuja Nairobi akawa mwanasiasa. Aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU. Alikuwa wa mrengo wa wastani. Aliamini katika majadiliano na katiba, akaupinga wazi Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwezi uliofuata Mbotela akauawa hapa Nairobi. Mwaka wa 1953 aliuawa diwani Ambrose Ofafa. Wakoloni, ambao wakati huo walikuwa wakijenga nyumba kwa haraka upande wa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonata buti mvua ikinyesha, wakayachukua majina ya marehemu hao wawili na kuyabandika kwenye mitaa. Ndipo tukapata Mbotela, na ndipo tukapata Ofafa Jericho na Ofafa Maringo.

Tusijidanganye: halikuwa tendo la huruma tu. Wakati wa vita, mtawala akiupa mtaa jina la mtu aliyeuawa na wapinzani wake, anawaambia wapangaji wamlilie nani. Wapangaji nao wana njia zao. Hawakuandamana, hawakung'oa vibao. Walilitumia jina mpaka siasa yake ikachujuka, likabaki la nyumba, la timu ya kandanda, la kituo cha basi. Baada ya uhuru yakaja majina mengine, Uhuru, Harambee, Umoja, Jericho Lumumba, na mtaa mwingine ukaitwa Biafra kwa vita vilivyosikika redioni. Ukizisoma tabaka hizi vizuri, huhitaji kitabu kingine cha historia ya Kenya. Barabara ya Doonholm yenyewe ikageuka Jogoo. Mbotela haikuguswa.

Redio ndiyo iliyolipeleka jina hili kila pembe ya nchi. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka wa 1940, alijiunga na Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1966 akaanza kipindi ambacho Mkenya wa umri wangu hawezi kukisahau: *Je, Huu ni Ungwana?* Wasahihishaji wa lugha huniambia ilifaa iwe 'uungwana', kwa u mbili. Ni kweli, kisarufi. Lakini nani angethubutu kumsahihisha Mbotela hewani? Kwa miongo kadhaa aliwauliza wasikilizaji maswali ya maisha ya kawaida. Mtu akupigaye kumbo kwenye foleni, je, huu ni ungwana? Jirani afunguaye redio hadi usiku wa manane, je? Anayekutembelea saa za chakula kila siku, je? Alipofariki Februari 2025, watu wengi walikumbuka sauti yake ya mpira wa miguu, na wengine wakakumbuka asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, waasi walipomlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sikusikia wengi wakilitaja jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote hayo.

Tuliseme wazi. Katika lugha ya Mombasa ya mwaka wa 1875, mtu aliyeshushwa kutoka kwenye manowari pale Freretown hakuwa muungwana, na hata mtoto wake angeshukiwa. Baada ya chini ya miaka mia moja, mzawa wa kijiji hicho hicho, mwenye jina la mateka, ndiye aliyekuwa akiliuliza taifa zima kila wiki kama matendo yake ni ya uungwana. Na taifa lilimjibu. Hakuna aliyemuuliza, wewe ni mwana wa nani? Maana ya neno ilikuwa imehama kutoka kwenye nasaba hadi kwenye mwenendo. Ile methali fupi, kwamba muungwana ni kitendo, ilikuwapo siku zote, lakini ilihitaji watu wa kuishi nayo ndipo iishinde maana ya kwanza. Kamusi ilifuata nyuma, kama ilivyo kawaida ya kamusi.

Ndiyo maana huwa siwaelewi wenzangu wanaozungumzia Kiswahili cha Eastlands kana kwamba ni mtoto wa kambo. Wanasema hakina wenyewe, kimechanganyika, hakina ukoo. Ni maneno yale yale waliyoambiwa watu wa Freretown, na kabla yao wapagazi wa Pangani. Mimi husahihisha insha za wanafunzi kwa kalamu nyekundu kama mwalimu yeyote, na 'mazematters' siikubali kwenye mtihani. Lakini kusahihisha insha ni kazi moja, na kumnyima mtu ukoo wa lugha ni kazi nyingine kabisa. Ya pili siifanyi.

Kwa sasa serikali ya kitaifa na ya kaunti zimo mbioni kubomoa mitaa mikongwe ya Eastlands na kujenga maghorofa. Nyumba zenyewe zimechoka, na mtu aishiye na watoto watano katika chumba kimoja chenye bomba la nje hana haja ya mahubiri yangu kuhusu urithi. Ninachotazama ni vibao. Maghorofa mapya ya Nairobi yana mazoea ya kuitwa Heights, Court na Gardens, hata pale ambapo hakuna kilima, mahakama wala bustani. Yakifika Barabara ya Jogoo, ningependa kibao kipya kisomeke Mbotela, pamoja na mstari mmoja chini yake unaotaja Freretown. Kukubaliana na siasa ya Tom Mbotela si sharti.

Nikimweleza hayo yule kijana wa Makadara, aliniuliza kama jina linaweza kudumu nyumba zikiondoka. Nikamtajia Pangani. Kijiji cha wapagazi kilibomolewa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Nyumba za baraza la jiji zilizobeba jina hilo baadaye nazo zilibomolewa miaka michache iliyopita kupisha maghorofa. Jioni ya leo, ukisimama katikati ya jiji, makanga bado wanaita Pangani.